UZI MAALUMU: Wanariadha wa Bonde la Ufa wanaochanganywa majina (Kipketer, Cheruiyot, Komen, Koech, Mutai na wenzao)

#1 Kengele_ya_Mwisho

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa marathoni ukifika linarudi swali lilelile: huyu si ndiye aliyeshinda Boston mara nne? Siye. Bonde la Ufa limetoa mabingwa wengi kuliko majina, kwa hiyo jina moja linabebwa na watu wawili au watatu, na mara nyingine wote wamo kwenye mbio moja. Uzi huu ni wa kuwatenganisha. Mwenye nyongeza aje nayo, ila aje na mwaka na muda mkononi.

Naanza na akina Wilson Kipketer, maana hawa ndio kiboko.

Wa kwanza ni Wilson Kipketer wa mita 800. Kazaliwa Desemba 1972, kasoma St Patrick's Iten chini ya kocha Bruda Colm O'Connell, mwaka 1990 akaenda Denmark kusoma, akabaki hukohuko na kuikimbilia Denmark. Bingwa wa dunia mara tatu mfululizo: Gothenburg 1995, Athens 1997, Sevilla 1999.

Wa pili ni Wilson Boit Kipketer wa kuruka viunzi na maji, mita 3000. Kazaliwa Oktoba 1973, yeye ni Kenya mwanzo mwisho. Bingwa wa dunia Athens 1997, fedha Sevilla 1999.

Sasa shikeni vichwa. Agosti 1997 wote wawili wamebeba dhahabu Athens. Siku chache mbele, usiku wa Agosti 13 pale Letzigrund, Zurich, wote wawili wakavunja rekodi za dunia. Wa 800 aliandika 1:41.24. Boit aliandika 7:59.08 na kuiondoa 7:59.18 ya Moses Kiptanui, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. (Usiku huohuo Haile Gebrselassie akaweka 12:41.86 kwenye mita 5000. Waliokata tiketi siku ile walikula vizuri.)

Siku 11 baadaye, Agosti 24, mjini Cologne, rekodi zote mbili zikaondoka kwenye mkutano mmoja. Wa 800 aliivunja ya kwake mwenyewe, 1:41.11. Boit yeye alivuliwa na Bernard Barmasai aliyekimbia 7:55.72.

Haya, Sydney 2000: wote wawili fedha. Wa 800 kazidiwa na Mjerumani Nils Schumann, 1:45.08 kwa 1:45.14. Boit kazidiwa na Reuben Kosgei, 8:21.43 kwa 8:21.77.

Kwa hiyo ukiandika "Kipketer, dhahabu, Athens 1997" au "W. Kipketer, rekodi ya dunia, Zurich" bado hujasema ni nani. Ukiona "Boit" umemaliza kazi, ni wa viunzi. Usipoiona usikimbilie kuhitimisha, kwa sababu orodha zinazoandika jina la kwanza na la mwisho tu zinaikata. Hapo tazama muda: dakika moja na sekunde kadhaa ni mita 800, dakika nane kasoro au na kidogo ni viunzi.

Nitarudi na wengine. Karibuni.

#2 BintiKigoma

Naweka kambi hapa. Swali la haraka mkuu: hao Wilson wawili ni ndugu? Na mbona hata Cheruiyot wako kila kona, ni ukoo mmoja mkubwa?

#3 Nyika_Mbichi

@BintiKigoma la, na sababu iko kwenye namna majina yenyewe yanavyotolewa.

Jina la Kikalenjin linataja saa au hali mtoto alipozaliwa. Alfajiri ni Kipkoech. Mchana ni Kibet. Jioni mbuzi wakirudi ni Kiprono. Usiku ni Kiplagat, na watu wakiwa wamelala ni Cheruiyot. Mvua ikinyesha ni Kiprop. Saa za siku ni hizohizo Nandi, Kericho, Keiyo na Marakwet, kwa hiyo akina Kipkoech wamejaa kila kijiji. Juu yake linakuja jina la ubatizo, na hapo nako orodha ilikuwa fupi: Wilson, Daniel, Paul, Robert, John, Julius. Ukichanganya orodha mbili fupi utapata marudio tu.

Jambo la pili. Zamani kijana akishapita jandoni aliitwa kwa "arap" na jina la baba, kama Daniel Toroitich arap Moi. Siku hizi "arap" imeachwa sana, jina la baba linakaa mwisho, na mgeni analisoma kama jina la ukoo. Si la ukoo. Ukoo wenyewe, oret, hauandikwi kwenye kitambulisho. Cheruiyot wawili maana yake ni kwamba huko nyuma kwa kila mmoja kuna mzee aliyezaliwa watu wakiwa wamelala. Basi.

Jina linalosaidia kweli ni la kati, kwa sababu hilo ndilo lake mwenyewe. Na hilo ndilo la kwanza kukatwa kwenye orodha za matokeo.

#4 MamaTakwimu

Nyika_Mbichi kanifungulia njia. Nawaleta akina Robert Cheruiyot, kwangu hawa ni wagumu kuliko akina Kipketer kwa sababu mbio ni zilezile, mji uleule, na hata herufi ya katikati ni ileile.

Robert Kipkoech Cheruiyot, wa 1978. Boston kashinda mara nne:
2003, 2:10:11
2006, 2:07:14
2007, 2:14:13 (siku ya dhoruba, mvua na upepo wa mbele, ndiyo maana muda ni mzito)
2008, 2:07:46

Ile 2:07:14 ilikuwa rekodi ya njia ya Boston, kaiondoa ya Cosmas Ndeti ya 1994 kwa sekunde moja tu.

Robert Kiprono Cheruiyot, wa 1988. Kashinda Frankfurt 2008 kwa 2:07:21, halafu Boston 2010 kwa 2:05:52. Rekodi aliyoivunja ni ya nani? Ya Robert Kipkoech Cheruiyot, kwa sekunde 82. Robert K. Cheruiyot kamvua rekodi Robert K. Cheruiyot. Alipewa dola 150,000 za ushindi na 25,000 za rekodi.

Makosa mawili utakayokutana nayo:

La kwanza, "Cheruiyot ameshinda Boston mara tano". Hakuna. Ni nne za Kipkoech na moja ya Kiprono. Ukiona tano, mwandishi kajumlisha majina.

La pili ni Boston 2009, na hapa wengi wanateleza kwa sababu wote wawili walikimbia. Deriba Merga wa Ethiopia ndiye aliyeshinda. Kipkoech, bingwa mtetezi, aliacha mbio njiani. Kiprono alimaliza wa tano. Kwa hiyo kuna habari inayosema Cheruiyot hakumaliza na nyingine inayosema kamaliza wa tano, na zote mbili ni za kweli.

Na ile picha maarufu ya mtu anateleza kwenye utepe na kupiga kichwa chini ni Chicago, Oktoba 2006, na ni Kipkoech. Alikuwa anainua mikono, mguu ukateleza kwenye mstari wa kumalizia, akaanguka chali. Ushindi alipewa kwa 2:07:35, sekunde tano mbele ya Daniel Njenga, kwa sababu kanuni inahesabu kiwiliwili kufika kwenye mstari. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi. Kiwiliwili chake kilikuwa kimevuka. Alitolewa pale kwenda hospitali. Kiprono wakati huo alikuwa na miaka 18, kwa hiyo usimbandikie jeraha ambalo si lake.

Evans Cheruiyot aliyeshinda Chicago 2008 (2:06:25) ni mtu wa tatu kabisa. Timothy Cheruiyot ni wa mita 1500, bingwa wa dunia Doha 2019. Vivian Cheruiyot ni mwanamke, dhahabu ya mita 5000 Rio 2016.

#5 Mzalendo_wa_Kijiweni

Uzi mzuri ila naanza kukereka. Wilson Kipketer wa 800 tunamwita Mkenya au Mdenmark? Maana kwenye orodha za "Wakenya bora wa 800" humo yumo, na kwenye medali za Kenya hayumo.

#6 Kengele_ya_Mwisho

@Mzalendo_wa_Kijiweni kwenye takwimu huandiki asili, unaandika nchi aliyovalia jezi siku hiyo. Medali zake za dunia na za Olimpiki zote ni za Denmark.

Na hiyo jezi ilimgharimu. Shirikisho la riadha la kimataifa lilimruhusu kuikimbilia Denmark kwa sababu ya ukaazi, ndiyo akashinda Gothenburg 1995. Kamati ya Olimpiki yenyewe ilitaka uraia kamili, ambao hakuwa nao bado, kwa hiyo Atlanta 1996 aliitazama akiwa nje. Dhahabu ya Atlanta ilikwenda kwa Vebjørn Rodal wa Norway kwa 1:42.58. Septemba 1 mwaka huohuo, Rieti, Kipketer akakimbia 1:41.83. Kila mtu afanye hesabu yake. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata tena: fedha Sydney, shaba Athens 2004.

Rekodi yake ya 1:41.11 ilidumu hadi Agosti 22, 2010, Berlin, David Rudisha alipokimbia 1:41.09. Naye Rudisha kafundishwa na Bruda Colm vilevile.

#7 Viunzi28

Nimeona mmetaja Kosgei kwa kupita tu. Upande wa viunzi na maji ndiko kwenye msitu mnene, ngoja niufyeke kidogo.

Kosgei wawili: Christopher Kosgei ni bingwa wa dunia Sevilla 1999. Reuben Kosgei ni bingwa wa Olimpiki Sydney 2000. Miaka miwili inayofuatana, mbio moja, jina moja mwishoni, na wote wawili aliyewafuata akipewa fedha ni yuleyule Wilson Boit Kipketer. Christopher anaandikwa pia "Koskei", kwa hiyo ukitafuta kwa tahajia moja utakosa nusu ya matokeo yake.

Kipruto wawili: Brimin Kipruto, dhahabu ya dunia Osaka 2007 na ya Olimpiki Beijing 2008. Conseslus Kipruto, dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, ya dunia London 2017 na Doha 2019. Ukisoma "Kipruto bingwa wa Olimpiki wa viunzi" bila mwaka hujui unasoma habari za nani. Brimin ndiye wa 7:53.64, Monaco 2011.

Hiyo 7:53.64 inanipeleka kwenye kinyume cha uzi huu. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 7:53.63 ya Saif Saeed Shaheen wa Qatar, yaani Brimin aliikosa kwa sehemu moja ya mia. Shaheen alizaliwa Kenya akiitwa Stephen Cherono, akahamia Qatar mwaka 2003. Kaka yake wa damu ni huyohuyo Christopher Kosgei wa 1999. Ndugu yao mwingine ni Abraham Cherono. Fainali ya dunia Paris 2003, Shaheen kashinda kwa jezi ya Qatar mbele ya Ezekiel Kemboi, na Abraham yumo humohumo kwenye fainali akiwa na jezi ya Kenya.

Kwa hiyo hapa una ndugu watatu, majina ya mwisho matatu tofauti, nchi mbili. Na pale juu una Cheruiyot kibao wasiohusiana. Jina la mwisho halikupi undugu wala halikunyimi.

Shaheen hakukimbia Olimpiki ya Athens 2004. Anayebadili nchi alitakiwa kusubiri miaka mitatu isipokuwa nchi ya zamani ikubali kupunguza, na Kenya haikukubali. Kenya ikachukua medali zote tatu: Kemboi, Brimin Kipruto, Paul Kipsiele Koech. Rekodi ya 7:53.63 aliiweka Brussels Septemba mwaka huohuo, ikakaa hadi Juni 2023, Lamecha Girma wa Ethiopia alipokimbia 7:52.11 Paris.

#8 BintiKigoma

Brimin kaikosa kwa 0.01?! Kulala lazima ilikuwa tabu.

Halafu Paul Koech nilimjua wa marathoni, sasa mnamweka kwenye viunzi?

#9 MamaTakwimu

Ni wawili, dada. Na hawa nawatumia kuonyesha namna ya kupima, maana mbinu hii inamaliza kesi nyingi.

Paul Malakwen Koech, wa 1969. Mita 10,000, nyika, nusu marathoni, marathoni. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni Uster 1998. Alikuwa mwanajeshi, akafariki Septemba 2018.

Paul Kipsiele Koech, wa Novemba 1981. Viunzi. Shaba Athens 2004, muda wake bora 7:54.31, Rome 2012.

Sasa umekuta mstari kwenye matokeo: KOECH Paul, 26:36.26, Brussels, Agosti 22, 1997. Ni yupi? Usianze na mbio, anza na umri. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa matokeo. Kipsiele siku hiyo alikuwa na miaka 15. Mtoto wa miaka 15 hakimbii mita 10,000 kwa 26:36 nyuma ya Paul Tergat aliyevunja rekodi ya dunia (26:27.85). Malakwen alikuwa na miaka 28. Kesi imefungwa.

Kwa nini usianze na mbio? Kwa sababu ya Daniel Komen.

Daniel Komen wa 1976 ndiye yule wa 7:20.67 ya mita 3000, Rieti, Septemba 1, 1996 (ndiyo, mkutano uleule wa Kipketer na 1:41.83). Maili mbili 7:58.61, Hechtel, Julai 1997, wa kwanza kushuka chini ya dakika nane. Mita 5000, 12:39.74, Brussels, usiku uleule wa Tergat. Bingwa wa dunia wa 5000 Athens 1997.

Daniel Kipchirchir Komen wa Novemba 1984 ni wa mita 1500: fedha ya dunia ya ukumbini Moscow 2006 na Valencia 2008.

Rahisi, si ndiyo? Wa mbio zinazozidi 1500 ni yule mkubwa, wa 1500 ni yule mdogo. Hapo ndipo unapigwa. Mkubwa naye alikimbia 1500, na vizuri: 3:29.46, Monaco 1997. Mdogo muda wake bora ni 3:29.02, Rome 2006. Mbio moja, jina moja, tofauti isiyofika nusu sekunde. Ukipanga kwa mbio utawatia wote kwenye kapu moja, na Komen mmoja atakuwa na maisha ya riadha ya miaka 12 hivi ambayo hakuna aliyeyaishi. Ukipanga kwa umri, mwaka 1997 Kipchirchir alikuwa na miaka 12.

Utaratibu ni huu: umri kwanza, halafu jina la kati, halafu nchi, mbio ziwe za mwisho.

Rekodi ya 7:20.67, kwa wanaouliza, iliondoka Agosti 2024 huko Silesia. Jakob Ingebrigtsen, 7:17.55. Miaka 28 kasoro wiki.

#10 Data_za_Mtaani

Naongezea la kiufundi kwa wanaotengeneza majedwali au kurekebisha kurasa za wasifu mitandaoni.

Kosa kubwa ni kutumia jina kama ufunguo wa kuunganisha majedwali mawili. Matokeo ya Boston ukiyaunganisha na jedwali la wakimbiaji kwa "Robert Cheruiyot", programu haitalalamika. Itakupa mtu mmoja mwenye ushindi mara tano, na ukiweka mwaka wa kuzaliwa itachukua uliotangulia kwenye jedwali. Hutaona kosa hadi mtu akuumbue hadharani.

Tumia namba. Kila mwanariadha kwenye tovuti ya World Athletics ana namba yake, unaiona mwishoni mwa anwani ya ukurasa wake. Namba haibadiliki hata mtu akibadili nchi au jina. Kama chanzo chako hakina namba, tengeneza ufunguo wa vipande vitatu: jina la mwisho, jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa. Akina Robert wanatengana hapohapo, 1978 na 1988.

Mpangilio wa majina nao ni mtego. Orodha nyingi zinatanguliza jina la mwisho kwa herufi kubwa, nyingine zinaliweka nyuma, na Wakenya wenyewe wanabadilisha: yuleyule leo Wilson Kipsang, kesho Wilson Kipsang Kiprotich. Ukikata neno la mwisho kimashinemashine ukaliita jina la ukoo, umemgawa mtu mmoja mara mbili. Kosa hili ni kinyume cha lile la kuunganisha na ni gumu kulibaini, kwa sababu takwimu zinapungua badala ya kuzidi.

#11 Mzalendo_wa_Kijiweni

Kipsang ni Kiprotich?? Yule Kiprotich wa dhahabu London 2012 si Mganda?

#12 Nyika_Mbichi

Jukwaa lile lilikuwa na Kiprotich wawili, ndugu yangu. Marathoni ya Olimpiki London 2012:

Stephen Kiprotich, Uganda, 2:08:01
Abel Kirui, Kenya, 2:08:27
Wilson Kipsang Kiprotich, Kenya, 2:09:37

Stephen ni wa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Wasabini wa kule ni jamaa wa karibu wa Wakalenjin, majina ni yaleyale, mpaka tu ndio umepita katikati. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu John Akii-Bua 1972, na mwaka uliofuata kaongeza ya dunia Moscow. Wilson ni Kipsang yuleyule aliyeweka rekodi ya dunia Berlin Septemba 2013, 2:03:23.

Kwa hiyo Kip- na Chep- zisikufanye uandike Kenya moja kwa moja. Joshua Cheptegei ni Uganda. Munyo Solomon Mutai, shaba ya marathoni ya dunia Beijing 2015, ni Uganda. Na Lornah Kiplagat ni Uholanzi.

#13 Kengele_ya_Mwisho

Umetaja Mutai, nimalizie hao.

Aprili 2011. Jumapili tarehe 17, Emmanuel Mutai kashinda London kwa 2:04:40. Jumatatu tarehe 18, Geoffrey Mutai kashinda Boston kwa 2:03:02. Siku moja tu kati yao, na aliyesikia redioni bila jina la kwanza angeapa ni mtu mmoja kapanda ndege usiku. Novemba wakakutana New York: Geoffrey wa kwanza 2:05:06, Emmanuel wa pili 2:06:28. Si ndugu.

Ile 2:03:02 ilikuwa kasi kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule lakini haikuandikwa kuwa rekodi, na sababu haina uhusiano na jina. Boston inaanzia Hopkinton na kuishia mjini, mstari mmoja kwenda mbele, na inashuka kama mita 140. Kanuni inaruhusu mshuko wa mita moja kwa kila kilomita, yaani 42 hivi, na umbali kati ya mwanzo na mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio. Boston inafeli zote mbili. Kwa hiyo ukiona jedwali limemweka Mutai kwenye orodha ya wenye rekodi za dunia za marathoni, lifunge, tafuta jingine.

#14 Viunzi28

Kuna upande mmoja ambao kuchanganya jina si mzaha: pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu.

Rita Jeptoo na Priscah Jeptoo. Aprili 2013 Rita kashinda Boston tarehe 15, Priscah kashinda London tarehe 21. Priscah ndiye mwenye fedha ya Olimpiki ya London 2012, na ndiye aliyeshinda New York 2013. Rita ana Boston 2006 na 2013. Ile ya 2014 alinyang'anywa ikaenda kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia, kwa sababu Rita alipimwa Septemba 2014 akakutwa na EPO (dawa haramu ya kuongeza chembe nyekundu za damu), na mwaka 2016 mahakama ya michezo ikaiongeza adhabu yake hadi miaka minne.

Ukiandika "Jeptoo afungiwa" umemtia Priscah matopeni bila kosa. Ni mambo ya kushtakiwa hayo. Kwenye habari za pufya jina kamili linakwenda kwenye kichwa cha habari, si aya ya tatu. Na picha: hakikisha imepigwa kwenye mbio ambazo mhusika alikimbia. Boston 2013 ni Rita, London 2013 ni Priscah, kwa hiyo namba ya kifuani na nembo ya mashindano vinakupa jibu kabla hujachapisha.

Vivyo hivyo Asbel Kiprop wa mita 1500, aliyefungiwa miaka minne, si Wilson Kiprop, bingwa wa dunia wa nusu marathoni Nanning 2010.

#15 BintiKigoma

Hili la Jeptoo limeniuma. Kwa wanawake mna orodha?

#16 MamaTakwimu

Fupi tu, kwa wanaochanganywa zaidi.

Kiplagat watatu. Edna Kiplagat: bingwa wa dunia wa marathoni Daegu 2011 na Moscow 2013. Florence Kiplagat: rekodi za nusu marathoni Barcelona, 1:05:12 mwaka 2014 na 1:05:09 mwaka 2015. Lornah Kiplagat: Uholanzi, rekodi ya 1:06:25 Udine 2007, na ndiye mwenye kambi ya mazoezi Iten. Florence na Lornah ni wenye rekodi wawili wa mbio zilezile kwa jina lilelile la mwisho, tofauti ni nchi.

Beatrice wawili. Chepkoech ni viunzi, 8:44.32, Monaco 2018. Chebet ni mita 5000 na 10,000, dhahabu zote mbili Paris 2024. Na Chebet mwingine, Evans, wa Boston 2022 na 2023, ni mwanamume.

Hapo ndipo penye mtego wa jinsia. Kip- kwa kawaida ni jina la mvulana na Chep- au Jep- la msichana, lakini jina la mwisho ni la baba au la mume. Faith Kipyegon ni mwanamke, Joshua Cheptegei ni mwanamume. Usijaze safu ya jinsia kwa kusoma jina la mwisho.

Na unapotafuta, andika Chep- halafu rudia kwa Jep-. Jepkemoi na Chepkemoi ni matamshi ya jina moja, kila karani kaandika alivyosikia.

#17 Mzalendo_wa_Kijiweni

Uwanja wa Eldoret, Kipchoge Keino Stadium, kuna jamaa hapa anabisha kwamba umepewa jina la Eliud. Nimwambieje?

#18 Nyika_Mbichi

Mwambie ni la Kipchoge Keino, wa 1940. Dhahabu ya mita 1500 Mexico 1968, dhahabu ya viunzi Munich 1972. Eliud Kipchoge kazaliwa Novemba 1984. Kwa mzee, Kipchoge ni jina lake mwenyewe. Kwa Eliud liko mwishoni.

#19 Data_za_Mtaani

La mwisho kutoka kwangu, John Korir, maana ndiye anayechanganywa sasa hivi.

John Cheruiyot Korir, wa 1981, ni wa mita 10,000, Olimpiki ya Sydney na ya Athens 2004. John Korir wa Desemba 1996 ni wa Chicago 2024 (2:02:44) na Boston 2025 (2:04:45). Siku ya Sydney huyu wa pili hajatimiza hata miaka minne. Kuna kurasa za wasifu zinazompa Olimpiki mbili. Zifuteni hizo mkikutana nazo. Albert Korir wa New York 2021 na Emmanuel Korir wa dhahabu ya 800 Tokyo ni watu wengine.

#20 BintiKigoma

Na Wesley Korir aliyeshinda Boston 2012, yule aliyekuwa mbunge wa Cherangany? Naye si ndugu, au sio?

#21 Data_za_Mtaani

Huyo ndiye ndugu kweli. Wesley ni kaka yake John. Boston 2012 ilikuwa siku ya joto kali, Wesley akashinda kwa 2:12:40. John aliposhinda 2025 wakawa ndugu wa kwanza wote wawili kushinda Boston.